Mwanafunzi wa lugha na kazi ya usalama wa mitandao: stadi gani zinahitajika, na aanzie wapi?

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fakulte yetu ameulizwa swali hili nyumbani, kanisani au ndani ya basi: "Isimu? Ukimaliza utafanya nini?" Majibu yetu ya kawaida ni ualimu, tafsiri na uandishi wa habari. Katika makala haya nataka kuongeza jibu moja ambalo wengi hawalitazamii: usalama wa mitandao. Sisemi kwamba kazi hiyo ni rahisi, wala kwamba diploma ya lugha peke yake inatosha kumfungulia mtu mlango. Ninalosema ni kwamba kazi hiyo inadai mchanganyiko wa stadi za kiufundi na stadi za kibinadamu, kwamba sehemu ya mchanganyiko huo tunayo tayari bila kuijua, na kwamba sehemu iliyobaki inaweza kujifunzwa hata na mtu ambaye hakusoma hesabu nyingi.

Nitaeleza kwanza kazi yenyewe ni nini. Kisha nitachukua stadi za kiufundi moja moja na kuonyesha zinavyogusana na isimu. Baada ya hapo nitakaa zaidi kwenye ulaghai wa maneno, kwa sababu ndiko watu wetu wanakopoteza pesa kila siku. Mwisho nitatoa njia ya kuanzia kwa mwanafunzi wa hapa, mwenye umeme wa kukatika na mega za kuhesabu.

1. Kazi yenyewe ni ipi?

Wataalamu hupenda kusema kwamba usalama wa mitandao unalinda mambo matatu. La kwanza ni usiri: habari isomwe na anayestahili tu. La pili ni ukamilifu: habari isibadilishwe na mtu asiye na ruhusa. La tatu ni upatikanaji: habari na huduma ziwepo pale mwenyewe anapozihitaji. Mwizi anayesoma barua zako amevunja la kwanza. Anayebadilisha pointi zako katika orodha ya matokeo amevunja la pili. Anayeifunga kompyuta ya hospitali mpaka alipwe amevunja la tatu.

Picha ya sinema ya kijana mwenye kofia, gizani, akipiga vidole kwenye kibodi, inaficha jinsi kazi hii ilivyogawanyika. Wapo walinzi wanaosoma kumbukumbu za mitambo usiku na mchana wakitafuta dalili ya wizi. Wapo wapimaji wanaolipwa wajaribu kuvunja mfumo kabla mwizi hajauvunja. Wapo wachunguzi wanaofika baada ya tukio, wakakusanya ushahidi. Wapo wanaoandika kanuni na kukagua kama zinafuatwa. Wapo wanaofuatilia makundi ya wahalifu: wanasema nini, wanaandika katika lugha gani, wanauza nini. Na wapo wanaowafundisha wafanyakazi na wateja kujilinda. Marekani, taasisi ya viwango iitwayo NIST imetoa mwongozo mzima wa kuainisha kazi hizi, na kila kazi imepewa maarifa na stadi zake. Ukiusoma utaona kwamba kuandika, kueleza na kuchambua matini vimo pamoja na mambo ya seva na nyaya.

Historia nayo inatuunga mkono. Elizebeth Friedman, mmojawapo wa wafumbuzi wakubwa wa maandishi ya siri nchini Marekani katika karne iliyopita, alisomea fasihi ya Kiingereza. Dilly Knox, aliyefumbua siri za adui kwa ajili ya Uingereza katika vita vyote viwili vya dunia, alikuwa msomi wa Kigiriki cha kale aliyezoea kuunganisha vipande vya mafunjo yaliyochanika. Larry Wall, aliyeunda lugha ya programu ya Perl mwaka 1987, alisoma isimu Berkeley pamoja na mkewe wakiwa na nia ya kwenda kuitungia maandishi lugha isiyoandikwa, pengine hapa Afrika. Watu hawa hawakuiacha lugha nyuma walipoingia kwenye mitambo.

2. Stadi za kiufundi, kwa macho ya mwanaisimu

Stadi za msingi naziona kuwa nne: kuelewa mitandao, kuzoea mfumo endeshi, kuandika programu fupi, na kujua kanuni za usimbaji wa siri.

Mtandao ni mazungumzo. Kompyuta mbili haziwezi kupeana chochote kabla ya kusalimiana. Katika itifaki iitwayo TCP, ya kwanza inaomba kuongea, ya pili inakubali na kuomba vilevile, ya kwanza inathibitisha, kisha habari zinaanza kupita. Anayejua jinsi salamu zetu zinavyofuatana, nani anaanza na nani anajibu, hawezi kushangaa kwamba mitambo nayo ina adabu zake. Mshambuliaji mara nyingi ni yule anayevunja adabu hiyo kwa makusudi: anabisha hodi mara elfu moja bila kungoja jibu, mpaka mwenye nyumba achoke na kushindwa kuwapokea wageni wa kweli. Kwa hiyo jifunze anwani za mtandao zinavyotolewa, jina la tovuti linavyogeuzwa kuwa namba, na milango ipi hutumika kwa huduma ipi. Bila hayo mengine yote yataelea hewani.

Mfumo endeshi unaofaa kujifunza ni Linux, hasa kwa kutumia mstari wa amri, yaani kuandika maagizo badala ya kubonyeza picha. Hapo mwanafunzi wa lugha atajikuta nyumbani haraka. Amri ina kitenzi, ina vielezi vyake, ina yambwa. Ukikosea mpangilio wa maneno, sentensi inakataliwa.

Katika programu, wengi huanza na Python. Lakini kuna kipande kimoja ambacho ningependa kila mwanaisimu akianze siku ya kwanza: ruwaza za utafutaji, zile fomula fupi zinazoiambia kompyuta itafute umbo fulani la maandishi. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Stephen Kleene miaka ya 1950, na daraja lake katika sarufi zote liliwekwa wazi na Noam Chomsky mwaka 1956. Chomsky huyo ndiye tunayemsoma katika somo la sintaksia.

Chukua mfano. Tuseme unataka chujio la kunasa ujumbe wa matapeli wanaoomba pesa. Mhandisi asiyejua Kiswahili anaweza kuliambia litafute neno "tuma". Litakosa "nitumie", "umetumiwa", "utume" na "nilitumaka". Akiona limekosa, atalilegeza litafute "tum" popote. Sasa litanasa "tumbo", "tumbako", "matumaini" na hata "Mtume", na ujumbe wa mchungaji utaangukia kapuni. Mwanaisimu anajua kwamba kitenzi cha Kibantu kina nafasi zake: kiambishi cha mtenda, kiambishi cha wakati, kiambishi cha mtendwa, mzizi, vinyambuo, kiishio. Anaandika ruwaza inayofuata nafasi hizo, na chujio linatulia. Hata hivyo atabaki na "tumia" yenye maana mbili, kumpelekea mtu kitu na kufanya kazi kwa kitu, na hapo itabidi aangalie maneno ya jirani. Kazi hiyo inaitwa usalama wa mitandao, lakini mwalimu wetu wa mofolojia angeitambua mara moja.

Herufi zenyewe pia ni uwanja wa vita. Herufi "a" ya Kilatini na "а" ya Kisirili, ile inayotumika kuandika Kirusi, zinaonekana sawa machoni petu, lakini kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Watafiti Evgeniy Gabrilovich na Alex Gontmakher walionyesha mwaka 2002 kwamba mtu anaweza kusajili anwani inayofanana kabisa na ya kampuni kubwa kwa kubadilisha herufi za namna hiyo. Sisi tunaoandika Lingala yenye "ɛ" tunajua jambo hili kwa njia nyingine. Wengi huchukua herufi ya Kigiriki inayofanana na hiyo, kisha wanashangaa kwa nini kompyuta haioni maneno yao katika matini waliyokusanya. Kinachoharibu utafiti wetu na kinachomsaidia mwizi ni kitu kimoja.

Kuhusu usimbaji wa siri, hebu tufumbue mmoja pamoja. Maandishi ni haya: SHVD LNR ZDSL. Tumeambiwa kwamba ni Kiswahili, na kwamba kila herufi imesogezwa mbele katika alfabeti kwa hatua zilezile. Mtu mwingine angejaribu hatua zote 25. Sisi tunajua kwamba maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu. Herufi za mwisho hapa ni D, R na L. Katika alfabeti, kutoka D hadi L ni hatua 8, na kutoka L hadi R ni hatua 6. Tafuta irabu tatu zenye nafasi hizohizo: ni a, i, o tu. Basi D ni "a", na kila herufi imesogezwa hatua 3. Soma sasa: "pesa iko wapi". Kanuni ya silabi imefanya kazi ya kompyuta. Huko Baghdad, katika karne ya 9, mwanafalsafa al-Kindi alikwisha eleza njia ya jumla zaidi: hesabu ni herufi ipi inarudi mara nyingi, ilinganishe na tabia ya lugha yenyewe.

Usimbaji wa leo hauvunjwi hivyo. Umejengwa makusudi usiache alama yoyote ya lugha ndani yake. Ndiyo sababu mwizi mwenye akili haupigi ukuta huo kichwa. Anazunguka na kumwendea mwenye ufunguo.

3. Ulaghai wa maneno: hapa ndipo penye uzito

Kevin Mitnick, mdukuzi wa Marekani aliyekamatwa mwaka 1995 na baadaye akawa mshauri wa usalama, alijulikana hasa kwa kupiga simu. Aliwafanya watu wampe wenyewe alichokitaka. Hali haijabadilika sana tangu siku zake: mlango unaofunguliwa mara nyingi ni mtu.

Kwetu Kongo mlango huo uko mkononi, yaani simu yenye pesa ndani. Mama anayeuza mboga sokoni huenda hana akaunti ya benki, lakini mtaji wake wote uko kwenye namba yake. Tazama ujumbe wa aina mbili. Nimeutunga mimi kwa kufuata umbo linalojulikana, usiwe wa mtu yeyote. Wa kwanza unakuja kwa Kifaransa kilichonyooka, ukianza na "Cher client", na unasema umepokea faranga 50.000. Dakika mbili baadaye unafuata wa pili:

"Jambo mama. Nilituma franga 50.000 kwa numero yako kwa makosa. Mutoto yangu iko ku lopitalo, tafazali unirudishie mbiyo."

Tuuchambue kama tunavyochambua matini darasani. Ujumbe wa kwanza hautoki kwa kampuni. Umeandikwa tu kwa sauti ya kampuni, na sauti ya kampuni kwetu ni Kifaransa. Ujumbe wa pili unabadili lugha kwa makusudi. "Mutoto" yenye silabi kamili, "yangu" mahali pa "wangu", "iko" mahali pa "yuko", "ku" ya mahali: hicho ni Kiswahili cha Lubumbashi, cha nyumbani, si cha kitabuni. Kinasema bila kusema: mimi ni wa kwetu. Neno "mama" linaweka undugu na heshima. "Kwa makosa" inamweka mwandishi chini, kama anayeomba msamaha, na ni vigumu kwa mtu mwenye utu kumgeuzia mgongo anayeomba msamaha. Mtoto wa hospitali anafunga mlango wa maswali, kwani nani atamhoji mzazi mwenye mgonjwa? "Mbiyo" inanyang'anya muda wa kufikiri.

Wanapragmatiki wametupa zana za kusoma haya. Grice alieleza kwamba mazungumzo yanasimama juu ya imani kwamba mwenzangu anasema kweli na kwa kiasi kinachotosha. Brown na Levinson walieleza jinsi upole unavyolinda uso wa mtu. Tapeli hatumii kingine ila imani hiyo na upole huo. Diglosia yetu nayo, Kifaransa cha ofisi na Kiswahili cha nyumbani, ameigeuza kuwa mtego wenye mikono miwili: mkono mmoja unaleta mamlaka, mwingine unaleta udugu.

Jibu la vitendo ni fupi. Usiamini ujumbe unaosema umepokea pesa. Fungua mwenyewe menyu ya huduma yako, uangalie salio. Usirudishe kwa mkono wako kitu unachoambiwa kilikuja kwa makosa: aliyekosea aende kwa kampuni yake, nayo ina utaratibu wa kurekebisha. Namba yako ya siri haombwi na mtu yeyote, awe wa kabini, wa kampuni, wala wa ukoo. Lakini angalia onyo la namna hiyo linatolewa kwa lugha gani. Mara nyingi ni Kifaransa kilekile cha "Cher client" ambacho tapeli ameshakiiga. Anayeonywa kwa lugha ya ofisi na kuibiwa kwa lugha ya nyumbani hajalindwa. Pengo hilo halitazibwa na mhandisi peke yake, hata awe hodari namna gani.

Lugha humsaliti mwizi pia. Mwezi Februari 2016 wezi waliingia katika mfumo wa benki kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya malipo ya karibu dola bilioni 1 kutoka kwenye akaunti yake huko New York. Dola milioni 81 zilipotelea Ufilipino. Agizo la dola milioni 20 lililoelekea Sri Lanka lilizuiwa, na moja ya sababu ni kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya wakfu lilikuwa limeandikwa "fandation". Mtu fulani alisoma vizuri, akauliza.

Lakini tusijisifu mapema. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia kwa lugha 28. Wachambuzi waliosoma matini hizo waliona kwamba nyingi zilitafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza, ilhali ya Kichina ilionekana kuandikwa na mtu anayekijua. Baadaye Marekani na Uingereza ziliitaja Korea Kaskazini, si Uchina, kuwa ndiyo iliyohusika. Ushahidi wa lugha huonyesha upande wa kutazama. Haukati kesi. Mwanaisimu anayeingia kazi hii lazima ajue mpaka wa zana yake.

Na zana za akili bandia zimebadilisha mchezo. Ushauri wa zamani wa kutafuta makosa ya tahajia unapoteza nguvu, kwa sababu mashine sasa inamwandikia tapeli Kifaransa safi. Upande wa pili, lugha zenye maandishi machache zinabaki bila ulinzi mzuri. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walijaribu mashine ya GPT-4 kwa kulitafsiri ombi la hatari katika lugha kama Kizulu. Walipounganisha lugha kadhaa za namna hiyo, vizuizi vya mashine vilipita katika asilimia 79 ya majaribio, ilhali kwa Kiingereza ombi lilelile lilikataliwa karibu kila mara. Kama Kizulu kiko hivyo, Kiswahili cha Lubumbashi, Kisanga na Tshiluba viko wapi? Hapa anahitajika mtu anayezijua lugha hizi kutoka ndani.

4. Stadi za utu

Kuna stadi ambazo hazifundishwi na mashine, nazo ndizo zinazomtofautisha fundi na mtaalamu.

Ya kwanza ni kuandika. Mpimaji anaweza kupata tundu kubwa katika mfumo, lakini kama taarifa yake haieleweki kwa mkurugenzi, tundu litabaki wazi. "Kuna udhaifu katika seva" ni sentensi isiyomsaidia mtu. "Mtu yeyote aliye na simu anaweza kusoma majina na namba za wateja wote bila neno la siri, tumefunga kwa muda, tunahitaji siku mbili kurekebisha" ni sentensi inayomfanya mkurugenzi asimame. Miaka yetu ya kusahihishwa insha haikupotea.

Ya pili ni kusikiliza bila kuhukumu. Aliyetapeliwa huona haya, na haya humfanya anyamaze, na ukimya wake humpa tapeli nafasi ya kumwendea jirani. Katika kazi ya uwandani tunafundishwa kutomcheka msimulizi, kutomsahihisha, kumpa muda. Mchunguzi anayemwuliza mama "Ulifanyaje ujinga huo?" hatapata ukweli. Anayemwuliza "Alianzaje kukusalimia?" atapata matini nzima.

Ya tatu ni uvumilivu wenye udadisi. Kusoma maelfu ya mistari ya kumbukumbu ili kuona kwamba jina moja lilijaribu kuingia mara 400 saa tisa usiku, kisha likafaulu, ni kazi inayofanana na kusoma korpasi ukitafuta umbo moja adimu. Aliyewahi kuhesabu viambishi kwa mkono ana mazoezi tayari.

Ya nne ni maadili, nayo si pambo. Sheria ya kidijitali ya nchi yetu, yaani agizo-sheria namba 23/010 la tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Malabo mwaka 2014 ulianza kutumika Juni 2023. Kwa hiyo "nilikuwa ninajifunza tu" si utetezi. Fanya majaribio kwenye mashine yako au kwenye viwanja vilivyotengwa kwa mazoezi. Ukipata tundu kwa bahati katika mfumo wa mtu, mjulishe mwenyewe, usilichezee.

5. Njia ya kuanzia

Hakuna haja ya kungoja kompyuta mpya. Simu ya Android inaweza kubeba programu iitwayo Termux, inayokupa mstari wa amri wa Linux mkononi. Kiwanja cha mazoezi kiitwacho Bandit, cha OverTheWire, ni cha bure na hutumia maandishi matupu, kwa hiyo hakili mega nyingi. Kinaanza na hatua rahisi na kupanda polepole. picoCTF, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ni mashindano ya bure ya kufumbua mafumbo ya usalama, na chuo hichohicho kina tawi Kigali, jirani yetu.

Ningepanga hivi. Miezi mitatu ya kwanza: mstari wa amri na misingi ya mitandao. Mitatu inayofuata: Python na ruwaza za utafutaji, ukizitumia kwenye matini za lugha yako ili kila zoezi liwe na faida mara mbili. Kisha chagua tawi moja, la ulinzi, upimaji, uchunguzi, kanuni au elimu, na ulizame. Vyeti vije baadaye. Vingine hugharimu mamia ya dola, na kile cha CISSP kinadai miaka mitano ya kazi kabla ya kukupa hadhi kamili, hivyo si cha kukimbilia. Kitu cha kuonyesha kwa mwajiri kwanza ni kazi uliyofanya na ukaiandika.

Jifunze Kiingereza cha kusoma. Tupende tusipende, miongozo mingi iko katika lugha hiyo, na anayengoja tafsiri ya Kifaransa hufika amechelewa. Msifanye peke yenu. Watu watano wakishirikiana kompyuta moja, mmoja akashusha vitabu usiku umeme unapokuwepo, wengine wakavinakili, wanafika mbali kuliko mmoja mwenye kila kitu.

Na pale mnapojifunza, andikeni istilahi. Kuna jina la Kifaransa la ujumbe wa kunasa watu, hameçonnage, lililojengwa juu ya picha ya ndoano. Nasi tuna ndoano, tuna chambo, tuna mtego. Kumwambia mvuvi wa Moero au wa Tanganyika "hicho ni chambo, usimeze" ni mafunzo ya usalama yaliyokamilika kwa maneno manne.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba usalama wa mitandao unasimama juu ya miguu miwili. Anayejua mitambo bila kujua watu atajenga ukuta mrefu wenye mlango wazi. Anayejua watu bila kujua mitambo atabaki mshauri wa maneno matupu. Sisi wa fakulte ya lugha tunao mguu mmoja, na tuna wajibu wa kuufanyia kazi wa pili.

Kwa walimu wetu natoa pendekezo moja. Kazi za mwisho wa masomo zikubali mada za namna hii: kukusanya, kwa idhini ya wenyewe na kwa kuficha majina na namba, ujumbe wa ulaghai unaosambaa katika Kiswahili cha Lubumbashi, Lingala, Tshiluba na lugha nyingine za kwetu, kuuchambua, kisha kuandika maonyo katika lugha hizohizo na kuyajaribu kwa wauzaji wa soko kabla ya kuyasambaza. Mkusanyo kama huo ungemfaa mhandisi anayetengeneza chujio, mwanasheria anayeandaa kesi, na mwanaisimu anayetaka kujua lugha inavyobadilika. Ungemfaa kwanza yule mama mwenye mtaji wake ndani ya simu, ambaye kesho asubuhi atapokea ujumbe unaoanza na "Jambo mama".